Kufuga siklidi wachekecha mchanga: anza na mchanga wenyewe

Watu wakitaka kufuga hawa samaki wanaanza kuuliza filta gani, chakula gani, mi nakwambia anza na mchanga. Hawa Xenotilapia na Enantiopus wa Ziwa Tanganyika ni siklidi, yaani ukoo mmoja na sato, na kuhe wale wa Kigoma, ila kula kwao ni kwa kuchekecha: anachomeka mdomo chini, anabugia mchanga, anatafunatafuna, vijidudu vinabaki mdomoni na mchanga unamwagikia kwenye matamvua. Siku nzima ndo kazi yake. Sasa ukimwekea kokoto unamuumiza.

Mimi mara ya kwanza nilitumia mchanga wa kujengea, nikauosha ndoo kama tatu nikajiona fundi, samaki wakawa wanabugia wanatema hapohapo. Nikautoa wote nikaupitisha kwenye chekeche la unga (usiulize mwenye jikoni alisema nini), uliopita ndo nikarudisha. Chota ukiwa umelowa usugue kwa vidole, ukikukwaruza huo bado. Osha mpaka maji yatoke meupe, tandaza sentimita 5 hivi inatosha.

Tangi liwe refu, sio la kwenda juu, kuanzia sentimita 120, kwa sababu maisha yao yako chini. Mawe weka machache pembeni tu. Mdomo wa filta uinue mbali na mchanga, la sivyo mchanga utakula pampu. Na funika juu, hawa wakishtuka wanaruka, asubuhi unamkuta sakafuni kakauka.

Maji yawe magumu, yaani yenye madini mengi, pH (kipimo cha uchachu wa maji) 8 hadi 9, joto 24 hadi 27. Umeme ukikatika oksijeni inashuka haraka, kuwa na pampu ya hewa ya betri.

Nunua kundi, sita kwenda juu, mmoja mmoja wanakuwa waoga tu. Usiwachanganye na Mbuna, wale siklidi wa mawe wa Ziwa Nyasa, watapigwa na chakula hawatakiona. Wape artemia au siklopu (vijidudu vya majini) wa kugandishwa, kidogokidogo, na kiwafikie chini.

Wakizoea utaona dume la Enantiopus linachimba shimo kama bakuli, linabeba mchanga mdomoni kidogokidogo kujenga kingo. Xenotilapia flavipinnis wao wanaishi mke na mume, mama anaatamia mayai mdomoni halafu baadaye anamkabidhi baba watoto aendelee. Ukiona samaki kavimba kidevu na hali chakula, usikimbilie dawa.