Mashindano ya gofu ya visahani kwa wazee: namna ninavyoyaandaa hapa Jinja

Katika gofu ya visahani unarusha kisahani cha plastiki mpaka kiingie kwenye kapu la minyororo; safari ya kila kapu, kuanzia mahali pa kurushia, ndiyo huitwa shimo, na mwenye mirusho michache ndiye mshindi. Mashindano yangu ya kwanza niliweka mashimo 18, tukaanza saa nne asubuhi. Kwenye shimo la 11 mzee mmoja aliketi chini ya mwembe, akanikabidhi kadi yake ya alama. "Mwanangu, mkono bado upo. Miguu ndiyo imekataa." Tangu siku hiyo nikipanga mashindano ya wazee naanzia miguuni.

Hatua ya 1: Tembea uwanja pamoja na mzee

Usiupime uwanja peke yako. Mchukue mzee wa miaka 65 au zaidi, mzunguke naye kwa mwendo wake, na popote atakaposimama kuvuta pumzi pawekwe kiti. Mashimo 9 yanatosha, yachezwe mara mbili na mapumziko ya nusu saa katikati. Kwangu shimo refu kabisa lina mita 70, mengi ni 40 hadi 50. Umbali kutoka kapu moja hadi mahali pa kurushia shimo linalofuata ndio unaowamaliza wazee, kwa hiyo mimi sivuki hatua 30. Nyasi zifyekwe siku mbili kabla. Shimo la panya lililofichwa na majani linaweza kumvunja mtu nyonga.

Hatua ya 2: Makapu

Fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea kapu kwa ringi mbili za baiskeli, bomba na minyororo myembamba. Msisitizie alainishe kila ncha kwa tupa, maana mikono ya wazee itaingia humo mara nyingi. Yakipungua, simika nguzo na uifunge kitambaa chekundu. Kabla Ed Headrick wa Marekani hajabuni kapu la minyororo miaka ya 1970, watu walilenga miti na nguzo, na mchezo ulikwenda vizuri.

Hatua ya 3: Visahani

Wape vyepesi, karibu gramu 150, vya mwendo wa polepole. Kile chembamba cha kasi kinataka mkono wenye nguvu. Kikirushwa taratibu hukata kona mapema na kuanguka, na mzee atadhani kosa ni lake. Rangi iwe ya chungwa au waridi. Kijani acha kabisa, utashinda unakitafuta majanini.

Hatua ya 4: Makundi ya umri

Chama cha kimataifa cha gofu ya visahani, PDGA, kina makundi kuanzia miaka 40, kisha 50, 55, 60 na kuendelea, na huhesabu umri ambao mtu anautimiza ndani ya mwaka huo. Mkiwa wachache, 50 na 65 yanatosha. Tumia tarehe iliyo kwenye kitambulisho cha taifa, hata kama Hajati atakwambia alizaliwa mapema zaidi.

Wakati wa kuandikisha, muulize kila mmoja faraghani kuhusu presha na sukari. Mwenye sukari asianze bila kifungua kinywa.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Anza saa moja na nusu asubuhi, kabla jua halijakolea. Makundi yote yaanze kwa pamoja, kila moja kwenye shimo lake, watu watatu au wanne, na kijana mmoja wa kuandika alama na kuinama kuokota.

Eleza sheria moja kwa kuionyesha: ukiwa ndani ya mita 10 kutoka kwenye kapu, baada ya kurusha lazima utulie umesimama imara kabla ya kusogea mbele. Afande mmoja mstaafu mwenye goti bovu alikuwa akisukumwa mbele na mkono wake kila anaporusha. Nikamwonyesha namna ya kupanua miguu sambamba na kurusha kwa kiwiko na kifundo cha mkono tu. Minyororo ikalia, naye akabaki wima palepale. Alinitazama kwanza mimi, ndipo akalitazama kapu.

Mvua za Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba huja na radi kutoka Ziwa Victoria. Ukisikia ngurumo, wote waingie ndani ya jengo, wala si chini ya mti, na msirudi mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Wakilingana alama, warudie shimo lililo karibu na viti.

Jioni ileile ng'oa makapu uyafungie stoo. Wanunuzi wa vyuma chakavu huamka mapema kuliko wewe.