Kabla hujaenda kumtaka radhi ndugu yako, isome Surat Yusuf

Mimi ni mtu wa karafuu, si shehe. Ila nimewahi kula haki ya mdogo wangu. Mikarafuu yake 14 ya urithi, huku kwetu Pemba, karibu na Wete, niliichuma misimu mitano yeye akiwa Unguja, na kila nilipouza nikampelekea mkungu wa ndizi, ati zawadi. Nilipotaka kurudi kwake sikujua pa kuanzia. Surat Yusuf, sura ya 12 ya Kurani niliyoihifadhi chuoni utotoni, ndiyo iliyonionesha njia.

Anza kwa kuacha kuipangia toba siku yake. Tazama aya ya 9: ndugu zake Yusuf wanashauriana wamuue au wamtupe mbali, kisha wanasema baada ya hapo watakuwa watu wema. Toba wameshaitia kwenye njama! Mimi nilikuwa nikisema nitamrudishia nikishahiji. Tofauti yetu iko wapi?

Halafu hesabu mali. Mashehe wanatufundisha: uache, ujute, uazimie kutorejea, na ikiwa ni haki ya mtu, imfikie mwenyewe. Daftari sikuwa nalo. Niliwaendea wachumaji, maana mtu anayelipwa kwa pishi, kile kipimo cha karafuu, hasahau alichuma wapi. Makonyo, vile vikonyo vya karafuu, nayo yauzwa, yatie kwenye hesabu.

Machozi usiyategemee. Usiku ule walipomtupa Yusuf kisimani walimjia baba yao wakilia, na kanzu ina damu ya uongo. Kubadilika kwao kulionekana miaka baadaye, Misri, jambo lilipowarudia: mtoto mwengine kipenzi cha baba, mdogo wake Yusuf, amezuiwa kwa tuhuma ya wizi, na nafasi ya kumwacha nyuma. Safari hii wakamwambia mkubwa wa Misri, naye ndiye Yusuf ila hawamtambui, mchukue mmoja wetu badala yake. Mkubwa wao akakataa kuondoka nchi ile mpaka baba ampe ruhusa. (Na papo hapo, aya ya 77, walikuwa wameshamsingizia Yusuf wizi. Ulimi huchelewa kutubu.) Kwa hiyo, ili nami jambo linirudie, nilimwomba mdogo wangu aje mwenyewe msimu wa kuchuma, akae juu ya jamvi, apime yeye.

Sasa maneno yenyewe. Kila mwezi wa Ramadhani ukikaribia simu zinajaa: "niwie radhi kama nimekukosea." Hilo "kama" litoe. Linamtupia mwenzio kazi ya kuthibitisha kosa lako. Wale ndugu hawakulitia, walisema: hakika sisi tulikuwa wenye kukosa. Nami nilisema: nilichuma mikarafuu yako, nikala, nilijua ni yako. Kisha nikanyamaza. Kunyamaza ndiko kulikonishinda nguvu, nusura niitaje karo ya watoto kama udhuru.

Wewe unayeombwa, neno lako liko aya ya 92: hapana lawama juu yenu leo. Na Yusuf alipohesabu neema za Mola wake mbele ya wazee wake, alitaja kutolewa gerezani. Kisima hakukitaja, na ndugu zake wamekaa pale pale.

Mwisho, nenda kwa mzee aliyeumia kati yenu. Wengi hulisahau hili. Wale walimwomba baba yao awaombee maghufira, naye akasema, nitakuombeeni. Hakusema nimeshaomba. Usimharakishe. Mama yetu nilimkuta uani anachambua makonyo. Nilimweleza yote. Akasema, "Nimesikia," akanisogezea ungo.