Jinsi ya kuanza kujielewa mwenyewe kabla hujaenda kwa mwanasaikolojia

Hapa Dar ukimwambia mtu akaongee na mwanasaikolojia anakuangalia vibaya, kwani mi chizi? Haya, basi anzia nyumbani kwanza. Kuna tiba ya mazungumzo aliyoianzisha Aaron Beck, daktari wa akili wa Marekani, miaka ya 1960, aligundua wagonjwa wake wa sonona wana mawazo yanayopita chapchap kichwani na wanayaamini bila kuyahoji. Kuyakamata hayo mawazo unaweza kujifunza mwenyewe.

Tafuta daftari la shule tu, simu weka mbali maana utaishia kwenye status za watu. Chagua tukio moja dogo la leo. Mfano umemtumia dada yako meseji akuongezee hela ya kodi, tiki za bluu hizo hapo, kimya. Mstari wa kwanza andika kilichotokea tu: nimetuma saa nne, kasoma, hajajibu. "Kanidharau" usiiweke hapo, hilo ni wazo lako, liende mstari wa pili. Wa tatu andika hisia na uipe maksi kati ya 0 na 100, labda hasira 80, aibu 60. Hapa ndo wengi wanachemka, unamuuliza mtu unajisikiaje anakujibu "naona kama hanijali", hilo bado wazo bana, hisia mara nyingi ni neno moja, hasira, woga, wivu, huzuni.

Kisha jihoji kama uko mahakamani, ushahidi wa kwamba kanidharau ni upi na unaopinga ni upi, mwezi jana si alituma? na saa hizo si yuko dukani Kariakoo na wateja wamejaa? Malizia na wazo lenye mantiki, usijidanganye kwa kujifariji: sijui kwa nini hajajibu, jioni nampigia. Toa maksi upya. Hasira ikitoka 80 ikafika 50 hiyo inatosha kabisa.

Endelea kama wiki mbili halafu soma zote kwa mkupuo, kuna wazo litakuwa linajirudia kwa bosi, kwa mchumba, kwa mama. Hilo ndo la kwenda nalo kwa mtaalamu. Ukifika muulize bila aibu anatumia njia gani, kikao bei gani, na mtajuaje kama inasaidia, akikasirika kuulizwa tafuta mwingine. Na kama madaftari huyawezi wapo wanaofuata njia ya Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, wanakusikiliza sana bila kukuhukumu, wengine wanachimba mambo ya utotoni.

Ila kama ulibakwa, ulipigwa sana au ulinusurika ajali mbaya, hayo usiyafukue peke yako chumbani. Na yakija mawazo ya kujiua achana na daftari siku hiyohiyo, mwambie mtu akusindikize hospitali iliyo karibu, au Muhimbili, wana idara ya magonjwa ya akili.