Namna ya kuuchunguza mtaa kabla ya kuhamia kwenye mradi mpya wa nyumba pembezoni mwa Dar es Salaam

Nyumba yenye kasoro hurekebishwa. Bati linalovuja hubadilishwa, choo huchimbwa upya, jiko hupanuliwa pesa ikipatikana. Mtaa huwezi kuurekebisha peke yako. Njia ya maji ya mvua, chumvi ya kisima, umbali wa kituo cha daladala, jirani aliyefungulia muziki mpaka alfajiri: hivyo unavinunua pamoja na nyumba, na muuzaji havitaji.

Kazi yangu ni uthamini wa nyumba na viwanja, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika nje ya ukuta. Ninachokiandika hapa ndicho ninachokifuata nikipelekwa kwenye mradi mpya, iwe Kibada, Gezaulole, Madale, Mabwepande au Msongola. Jiji linakua kuelekea huko. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoani Dar es Salaam, ya 2022 ikahesabu 5,383,728, na wengi wanaotafuta pa kujenga au kununua sasa wanaangalia pembezoni.

Shida ya mradi mpya ni kwamba hakuna mkazi wa siku nyingi wa kukusimulia. Rangi mpya, lami ya ndani mpya, walinzi wamevaa sare, na kila mtu amekuja juzi. Kwa hiyo historia ya mahali hapo unaitafuta pengine: kwenye ardhi yenyewe, na kwa watu waliokuwa wakiishi jirani kabla tingatinga halijafika.

Hatua ya 1: Itazame ardhi ilivyokuwa

Anzia nyumbani, kabla hujalipa hata nauli ya kwenda saiti. Pakua Google Earth Pro kwenye kompyuta, ni bure. Tafuta eneo la mradi, kisha bofya alama ya saa iliyo juu ya ramani. Utaletewa mstari wa miaka. Uvute kurudi nyuma, picha moja baada ya nyingine.

Picha za kiangazi ndizo zinazosema mengi. Tafuta zilizopigwa kati ya Julai na Septemba, wakati nyasi zimekauka. Ukiona ukanda mwembamba wa kijani unaokatiza eneo lililokauka, hapo chini maji yanapita au yanatuama, hata kama leo pamemwagwa kifusi na kuwekwa bikoni za kuonyesha mipaka ya viwanja. Angalia pia majaruba ya mpunga, bustani za mchicha, na mashimo ya mchanga au kokoto yaliyofukiwa baadaye. Nyumba iliyojengwa juu ya shimo lililofukiwa bila kushindiliwa vizuri hupasuka, na nyufa zake huanzia kwenye msingi.

Fungua pia OpenStreetMap. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi kuchora mifereji, vijito na majengo katika kata nyingi za Dar es Salaam, na kazi yao iko humo kwa kila mtu. Pima umbali kutoka kwenye kiwanja hadi mto ulio karibu, uwe Mpiji, Tegeta, Mzinga au kijito kisicho na jina. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka mtoni au ufukweni. Kiwanja kikiangukia humo, usiendelee na hatua nyingine, hata bei ikiwa nzuri namna gani.

Hatua ya 2: Soma alama za mvua

Wauzaji hupenda kukupeleka Jumamosi yenye jua. Nenda hiyo Jumamosi, lakini rudi tena mvua ikinyesha, masika kati ya Machi na Mei au vuli kati ya Oktoba na Desemba. Kama huwezi kusubiri, mvua zilizopita zimeacha alama, na zinasomeka hata Agosti.

Toka nje ya geti la mradi, ufuate mteremko mpaka bondeni. Simama kwenye kalvati. Tazama matawi ya vichaka vilivyo pembeni: mifuko ya plastiki na majani makavu yaliyonasa kwenye matawi yanakuonyesha maji yalipofika. Mfuko ukiwa usawa wa goti, sawa. Ukiwa usawa wa kifua, linganisha kimo hicho na msingi wa nyumba unayoitaka. Kisha tazama nyumba za zamani za jirani. Kama zina ngazi tatu au nne kuingia ndani, au viroba vya mchanga vimepangwa mlangoni wakati wa kiangazi, wenyewe wameshafundishwa na maji. Angalia pia ukuta wa nyuma, usiopakwa rangi mara kwa mara: mstari wa matope huwa bado upo.

Halafu uliza watu, na uulize vizuri. Ukimwuliza mtu, "Hapa huwa panafurika?" atakujibu hapana, kwa sababu ni kwake, na hakuna anayependa kwake kusemwe vibaya. Muulize kwa namna inayompa nafasi ya kueleza. Kwa bibi anayeuza vitumbua njia panda, salimia kwanza, nunua viwili vitatu, kisha:

"Bibi, masika maji yanapita upande gani hapa?"

"Zamani yalikuwa yanapita kule," atakwambia huku akionyesha kwa mkono, "lakini tangu wajenge ule ukuta yanageukia huku kwetu."

Jibu la namna hiyo ni la thamani kubwa kuliko kitabu chote cha picha cha mradi. Limekupa mambo mawili: njia ya maji ilikuwa ndani ya mradi, na ukuta umeisukuma kwa jirani. Maji yaliyozuiwa hutafuta pa kurudi, na jirani aliyeletewa maji hatakuwa rafiki. Waulize wengine wawili watatu wasiokaa pamoja. Dereva wa bodaboda anajua barabara gani haipitiki mvua ikinyesha. Fundi mwashi wa mtaani anajua udongo: mwambie akuonyeshe alipochimba msingi karibuni. Ukikuta udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka jua likiwaka, jua kwamba unavimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na msingi wake unahitaji mhandisi.

Hatua ya 3: Ofisi tatu

Ya kwanza ni serikali ya mtaa. Mwone mwenyekiti au mtendaji wa mtaa, jitambulishe kuwa unataka kuhamia, na uliza swali moja kubwa: waliokuwa na mashamba hapa walilipwa fidia wakaridhika? Mradi wenye watu wanaodai fidia ni mradi utakaofika mahakamani, na wewe utakuwa umeshahamia. Usimwachie dalali akuchagulie wa kuongea naye.

Ya pili ni idara ya ardhi na mipango miji ya halmashauri husika: Kinondoni, Ubungo, Temeke, Kigamboni au Jiji la Dar es Salaam. Omba kuonyeshwa mchoro wa mipango miji ulioidhinishwa. Hapa usiangalie kiwanja chako tu, angalia vinavyokizunguka. Eneo tupu mbele ya dirisha ambalo muuzaji analiita bustani linaweza kuwa limetengwa kwa ajili ya soko, kituo cha mafuta au barabara pana. Uliza pia hifadhi ya barabara na njia ya umeme mkubwa. Mwaka 2017 nyumba nyingi kando ya Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara kuelekea Kiluvya, zilibomolewa kupisha hifadhi ya barabara, na baadhi zilikuwa nyumba nzuri za watu waliokaa miaka mingi.

Ya tatu ni ofisi ya msajili wa hati, kwa ajili ya upekuzi. Unataka kujua jina lililo kwenye hati na kama imewekwa rehani benki. Mpangaji anaweza kuiruka hii, mnunuzi asiiruke.

Hatua ya 4: Maji, umeme na majitaka

Tangazo likisema "maji yapo," uliza maji gani. Bomba la DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, ni kitu kimoja, kisima cha mradi ni kingine, na boza la maji ni kingine kabisa. Mtu aliyekwishaunganishwa akuonyeshe mita yake na akwambie siku zenye mgao.

Visima vingi vya maeneo yaliyo karibu na bahari vina chumvi. Huhitaji maabara kwa kipimo cha kwanza. Fungua bomba la nje, nawa mikono kwa sabuni ya mche. Ikigoma kutoa povu, maji ni magumu. Onja tone ulimini, kisha tazama mdomo wa bomba na kichwa cha bafu kwenye nyumba inayokaliwa: ukoko mweupe utauona. Maji hayo yatakula hita, pasi na bomba zako, na bado utanunua ya kunywa. Pita dukani uulize bei ya dumu la lita 20 na mara ngapi wateja wanakuja kununua. Duka linalouza madumu mengi kando ya mradi "wenye maji" limeshakujibu.

Kwa umeme, tafuta transfoma iko wapi na inahudumia nyumba ngapi. Rudi saa mbili usiku, watu wakiwa wanapika, uone kama taa zinafifia.

Majitaka watu huyasahau. Sehemu kubwa ya pembezoni haina mfumo wa maji taka, kwa hiyo kila nyumba au kundi la nyumba lina shimo lake. Uliza shimo liko wapi, linajaa baada ya muda gani, na kama gari la kunyonya linaweza kulifikia. Kama kisima cha mradi kiko chini ya mteremko wa mashimo hayo, usinywe maji yake bila kuyapima.

Hatua ya 5: Isafiri safari yako ya Jumatatu

"Dakika ishirini kutoka mjini" ni ya Jumapili asubuhi. Lala kwa ndugu au jamaa aliye karibu na mradi, kisha uamke saa kumi na moja alfajiri Jumatatu uende kazini kwako kama vile umeshahamia. Tumia usafiri utakaoutumia kweli. Jioni rudi hivyo hivyo, kwa sababu foleni ya jioni ni nyingine.

Piga hesabu ya nauli yote, kuanzia getini. Tuseme bodaboda mpaka barabara kuu ni 1,000, daladala ya kwanza 700 na ya pili 700. Hiyo ni 2,400 kwenda, 4,800 kwenda na kurudi, na kwa siku 22 za kazi ni 105,600. Mkiwa wawili mnaofanya kazi ni 211,200 kwa mwezi. Jumlisha na kodi au rejesho la mkopo ndipo ulinganishe na nyumba ya ndani zaidi ya jiji. Muulize dereva wa bodaboda bei tatu: ya mchana, ya usiku na ya mvua.

Wa Kigamboni waongeze tozo ya Daraja la Nyerere, lililofunguliwa 2016, kama wana gari. Wanaotegemea pantoni wakae Kivukoni jioni moja waone foleni ilivyo.

Hatua ya 6: Usiku, na upepo

Nenda usiku na mwenzako, mtembee kwa miguu kutoka kituoni mpaka getini. Taa za njiani zinaishia wapi? Vichaka viko wapi? Binti yako akitoka masomo ya jioni atapita hapo hapo. Waulize walinzi wa ulinzi shirikishi wanachangiwa kiasi gani na zamu zao zinakwenda mpaka saa ngapi. Simama kimya kidogo usikilize baa, mashine za kusaga, malori.

Harufu na vumbi hutegemea upepo, na hapa wengi hukosea kwa sababu walikwenda msimu mmoja tu. Kusi huvuma katikati ya mwaka kutoka kusini, kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi kutoka upande mwingine. Nyumba iliyo kaskazini ya dampo la Pugu Kinyamwezi, au karibu na machimbo na kiwanda cha saruji cha Wazo, inaweza kuwa shwari Januari na kubadilika kabisa Julai. Angalia kwenye ramani kilicho upande wa kila upepo.

Shule na zahanati nenda mwenyewe, haichukui muda. Mwalimu mkuu akwambie darasa moja lina watoto wangapi sasa, kabla nyumba za awamu ya pili hazijajaa.

Hatua ya 7: Watafute wa awamu ya kwanza

Kama mradi una awamu, waliohamia mwanzo ni mashahidi wako wazuri. Waulize ada ya huduma ya kila mwezi: ilianza kiasi gani, imefika ngapi, na inalipia nini hasa. Nani anazibua mifereji? Nani anawalipa walinzi? Mjenzi akishauza nyumba zote atakabidhi usimamizi kwa nani? Kwa maghorofa kuna sheria ya mwaka 2008 inayohusu umiliki wa sehemu ya jengo, na wamiliki wanatakiwa wawe na umoja wao. Omba kuuona, pamoja na mihtasari ya vikao. Mambo uliyoahidiwa kwa mdomo, kama uwanja wa watoto au lami, yaingizwe kwenye mkataba yakiwa na tarehe kabla hujalipa.

Hatua ya 8: Ukiwa bado na shaka, panga nyumba kwanza

Tafuta nyumba ya kupanga ndani ya mradi huo au mtaa wa jirani kabla ya kununua. Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na kwa jambo hili miezi sita ndiyo inayofaa. Mkataba ukianza Februari utamaliza masika yote ukiwa humo, utaonja kaskazi kikiisha na kusi kikianza, na Julai utaamua.