Jinsi ya kufuatilia rili ya fidla ya Ayalandi ilikotoka

Watu wengi wakipenda rili fulani, yaani melodi ya haraka ya kuchezea dansi, wanachukua jina lake wanaligugo, wanakutana na majibu yanayopingana, wanaachia hapo. Ushauri wangu jina liweke pembeni kwanza. Kwenye muziki huu rili moja inaweza kuwa na majina matano na jina hilohilo likabebwa na rili nyingine tofauti kabisa, na ukiona jina la mtu mara nyingi ni yule tu ambaye wenzake waliisikia kwake, siyo lazima awe ndo aliyeitunga. Ila Paddy Fahey, mpiga fidla wa mashariki mwa Galway, Ayalandi, yeye alitunga kweli na hakuzipa majina, kwa hiyo ukiona "Paddy Fahey's" uliza ni ipi maana ziko kibao.

Anza na masikio. Rili inahesabiwa nne kwa nne, kawaida ina sehemu mbili za baa 8 (baa moja ni kipande cha mapigo manne), kila sehemu inarudiwa, jumla baa 32. Shika baa mbili za kwanza za kila sehemu mpaka uweze kuzipiga mluzi, kwa sababu wapigaji wanabadilisha sana mapambo (nota ndogondogo za kunakshi melodi) na miisho lakini ule mwanzo huwa haupotei kirahisi. Kama unapiga ala yoyote, ipigie app ya Tunepal, itakutafutia zinazofanana.

Baada ya hapo nenda kwenye santuri za zamani, na hapa usiwe na haraka. Mpiga fidla Michael Coleman alizaliwa Killavil, kaunti ya Sligo, Ayalandi, mwaka 1891, akahamia Marekani 1914, na kuanzia 1921 akawa anarekodi New York. James Morrison na Paddy Killoran nao walitoka Sligo wakarekodi hukohuko. Santuri zao zikarudi Ayalandi na watu wakazikariri mpaka mapambo, yaani rili unayoisikia leo inaweza kuwa imevuka bahari mara mbili kabla ya kukufikia. Weka rekodi yako na ya Coleman sambamba, punguza spidi, sikiliza kipande kwa kipande. Kitu kingine, upande mmoja wa santuri ulibeba kama dakika 3 tu na rili moja ni fupi, kwa hiyo waliunganisha mbili au tatu. Tarbolton, Longford Collector na Sailor's Bonnet Coleman alizirekodi pamoja 1934 na mpaka leo watu wanazipiga kwa mpangilio uleule, lakini kupigwa pamoja hakumaanishi zimetoka sehemu moja, na Tarbolton yenyewe ni kijiji cha Ayrshire, Uskoti.

Vitabu sasa. Francis O'Neill, mtu wa Cork, Ayalandi, aliyekuja kuwa mkuu wa polisi Chicago, alitoa mkusanyo wa melodi 1,850 mwaka 1903 na mwingine wa melodi 1,001 mwaka 1907. Mimi namheshimu sana huyu mzee, ila kumbuka kazi ya kuandika nota aliifanya zaidi James O'Neill, polisi mwenzake, hawakuwa ndugu, kwa hiyo unachosoma kimeshapita kwenye sikio na mkono wa mtu mwingine. Halafu tafuta Ceol Rince na hÉireann, mfululizo wa vitabu vya melodi vya Breandán Breathnach, kitabu cha kwanza kilitoka 1963, yeye anakwambia kila melodi aliipata kwa nani na inaitwaje kwingine. Irish Traditional Music Archive, hifadhi ya muziki wa jadi iliyoko Dublin, nayo imeweka vitu vingi mtandaoni, bure.

Ukikwama Ayalandi vuka uende Uskoti, maana rili zilishika kasi Ayalandi kutokea huko mwishoni mwa miaka ya 1700. Coleman alirekodi Bonnie Kate na Jenny's Chickens, ukizifuata unakuta ya kwanza ni The Bonny Lass of Fisherrow ya Daniel Dow, Mskoti, na ya pili inatokana na Sleepy Maggie ya hukohuko. Hiyo haiwapunguzii Waairishi chochote, sikiliza Coleman alivyoizungusha Bonnie Kate utaelewa. Na mwaka wa kitabu ni mwaka melodi ilipochapishwa tu, inawezekana ilishapigwa miaka mingi kabla.

Na kama huko nyuma hupati kitu kabisa, hakuna O'Neill, hakuna Mskoti, shuku kwamba ina mtungaji wa karne ya 20. The Hunter's House inasikika kama ya kale lakini ni ya Ed Reavy, fundi bomba wa Philadelphia aliyezaliwa Cavan, Ayalandi. Ukishamjua mtungaji, mwandike jina lake kwenye rekodi yako, usiache tu "ya jadi".