Daftari la Safu Mbili: Namna ya Kuitazama Historia ya Filamu za Ulimwengu wa Kale

Mtu anayetaka kuijua historia ya filamu kubwa zinazohusu ulimwengu wa kale, yaani zile za Roma, Misri, Karthago na Babeli, zenye majeshi, mahekalu na umati usiohesabika, mara nyingi huanza na filamu kongwe kuliko zote kisha husonga mbele mwaka kwa mwaka. Si njia nzuri. Filamu bubu ya 1914, yenye urefu wa saa mbili au zaidi, humchosha asiyeizoea, na wengi huishia hapo hapo. Mpango ninaoupendekeza hapa huanzia karibu, hurudi nyuma, kisha huenda pembeni, na huhitaji majuma kama sita pamoja na daftari. Katika kila ukurasa chora safu mbili: katika ya kwanza andika mwaka ambao kisa kinadaiwa kutokea, na katika ya pili mwaka ambao filamu ilitengenezwa. Kisa kinaweza kuwa cha mwaka 180 BK, lakini fedha, mitambo na hofu zilizoizaa filamu ni za ule mwaka wa pili, na historia tunayoitafuta imo humo.

Kabla ya kuanza, yapo mambo ya vifaa. Filamu hizi zilitengenezwa kwa ajili ya ukuta mzima wa jumba la sinema. Ben-Hur ya 1959 ilipigwa kwa umbo ambalo upana wake ni karibu mara 2.76 ya kimo chake. Ukiitazama kwenye simu utaona utepe mwembamba, na ukiivuta picha ijaze kioo utakuwa umewakata farasi wa pembeni. Tafuta televisheni kubwa, na michirizi myeusi ya juu na chini uiache ilivyo. Pili, kagua urefu wa nakala uliyoipata: Cleopatra ya 1963 ilizinduliwa ikiwa na saa nne na dakika kadhaa, kisha ikakatwa hadi dakika 192, hivyo watu wawili wanaweza kubishana juu yake wakati kila mmoja ameona filamu tofauti. Tatu, wengi wetu tulizionja filamu za aina hii katika vibanda vya video, huku msimulizi akizifasiri kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji. Ni sanaa ninayoiheshimu, lakini kwa zoezi hili tumia nakala yenye sauti ya asili na maandishi ya chini, kwa sababu baadhi ya mambo tutakayoyatafuta yamo katika ukimya.

Juma la kwanza tazama Gladiator ya Ridley Scott (2000), hata kama umekwisha kuiona mara kumi, na siku chache baadaye The Fall of the Roman Empire ya Anthony Mann (1964). Safu ya kwanza itasomeka sawa kwa zote mbili: 180 BK, Kaizari Marcus Aurelius anafariki na mwanawe Commodus anarithi. Zote mbili zinamuua Commodus katika pambano la ana kwa ana mbele ya hadhara, ilhali Commodus wa kweli alitawala hadi mwisho wa 192 BK na akanyongwa na mpiga mieleka aliyeitwa Narcissus. Usipoteze muda kuhesabu makosa ya namna hiyo. Ni kazi rahisi na haifiki mbali. Angalia majengo. Uwanja wa katikati ya mji wa Roma unaouona katika filamu ya 1964 ulijengwa kwa ukubwa wake huko Las Matas, karibu na Madrid, na kamera inaweza kuuzunguka itakavyo. Katika ile ya 2000, sehemu ya chini ya uwanja wa mapambano ilijengwa kweli nchini Malta, lakini ngazi za juu na sehemu kubwa ya watazamaji ni kazi ya kompyuta. Miaka 36 inayotenganisha filamu hizo mbili ni ile ambayo aina hii ya sinema ilikuwa kama imezikwa, na sababu yake tutaifikia.

Juma la pili ni la tukio moja tu lililorudiwa mara nne, nalo ni mashindano ya magari ya farasi katika Ben-Hur, kutoka riwaya ya Lew Wallace ya 1880. Filamu ya 1907 ni fupi, kama robo saa hivi, na kamera imesimama mahali pamoja kama mtu aliyefika uwanjani akakosa kiti. Waliitengeneza bila kumwomba ruhusa mwenye haki za riwaya, kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, na hukumu ya 1911 ikawafunza watengenezaji kwamba hadithi ya mtu hununuliwa. Toleo la 1925 lilitumia kamera zipatazo 42 kwa mashindano hayo. Simamisha picha pale unapouona uwanja mzima: sehemu ya chini ni jengo halisi lenye watu, lakini sehemu ya juu ni kijumba kidogo kilichoning'inizwa mbele ya kamera, chenye vinyago vilivyotengenezwa viweze kutikisika kana kwamba vinashangilia. Hila iliyofanywa na kompyuta mwaka 2000 ilikwisha kufanywa kwa mbao na vinyago miaka 75 kabla yake.

Miongoni mwa wasaidizi waliofanya kazi siku ya mashindano ya 1925 alikuwa kijana William Wyler, ambaye ndiye aliyeiongoza filamu ya 1959, ingawa mashindano yenyewe aliwaachia Andrew Marton na Yakima Canutt. Toleo hili litazame mara mbili. Mara ya kwanza litazame tu. Mara ya pili funga macho kwa dakika mbili. Gwaride la kuingia uwanjani lina muziki mzito wa Miklós Rózsa, lakini magari yanapoanza kukimbia muziki unakoma kabisa, na kwa takriban dakika tisa husikii ila kwato, magurudumu, mijeledi na umati. (Huo ndio ukimya ambao msimulizi wa kibandani huujaza, na simlaumu.) Kisha tafuta pale gari la Ben-Hur linaporuka juu ya mabaki ya gari lililovunjika na dereva kurushwa mbele. Hilo halikupangwa lionekane hivyo. Aliyerushwa ni Joe Canutt, mtoto wa Yakima, akimwakilisha Charlton Heston, mwigizaji wa Ben-Hur. Aliumia kidevu tu, na picha ikabakizwa, ikaongezwa nyingine ya Heston akipanda tena garini. Ukimaliza hapo, dakika kumi za toleo la 2016 zinatosha.

Sasa rudi kwenye swali la upana. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 televisheni iliingia katika nyumba za Wamarekani, na majumba ya sinema yakaanza kupoteza wateja. Studio zilijibu kwa kutoa kile ambacho sanduku dogo la sebuleni halikuweza kukibeba: rangi, umati na skrini pana. Ndiyo maana filamu ya kwanza ya CinemaScope (mfumo wa skrini pana), The Robe ya 1953, ilikuwa hadithi ya askari wa Roma. Wakati huo huo gharama za Italia zilikuwa chini, na studio za Cinecittà, zilizofunguliwa mwaka 1937, zikawa nyumbani kwa Warumi waliozungumza Kiingereza. Waitalia nao wakachangamkia filamu za bei nafuu za watu wenye misuli, hasa baada ya Steve Reeves kuigiza Hercules mwaka 1958. Ukiona moja umeona nyingi. Mchezo huu wa fedha ulianza kuharibika kwa Cleopatra, ambayo ilianza kupigwa karibu na London, ikasimama kwa ugonjwa wa Elizabeth Taylor, ikahamia Roma na kujengwa upya, na hatimaye ikagharimu takriban dola milioni 44. Iliongoza kwa mapato Marekani mwaka 1963 na bado ikaiacha studio yake hoi. Mwaka uliofuata The Fall of the Roman Empire ilianguka sokoni na kumfilisi mtayarishaji wake, Samuel Bronston. Hapo ndipo miaka 36 ya kaburini inapoanzia.

Ukishazoea, rudi kwenye filamu bubu. Cabiria ya Giovanni Pastrone ilizinduliwa Torino mwaka 1914, na kisa chake ni cha vita vya Roma na Karthago katika karne ya 3 KK. Tazama ndani ya hekalu la Moloki: kamera, ikiwa juu ya kigari, inateleza taratibu na kukufanya uhisi kina cha chumba, jambo lililokuwa geni kwa watazamaji wa siku hizo. Kisha jaza daftari. Italia ilikuwa imetoka kuivamia Libya mwaka 1911, na sasa skrini inawaonyesha Warumi wakiishinda dola ya Afrika Kaskazini. Chini yake andika mstari mwingine: 202 KK, vita vya Zama; 1937, Scipione l'Africano, filamu iliyogharimiwa na serikali ya Mussolini mwaka mmoja baada ya kuikalia Ethiopia. Kwa The Ten Commandments ya 1956 hutahitaji hata kukisia, kwani mwongozaji mwenyewe, Cecil B. DeMille, anatoka nyuma ya pazia mwanzoni na kuuliza iwapo binadamu ni mali ya dola au ni huru chini ya Mungu, akiongeza kuwa vita hivyo vinaendelea hadi leo. Farao wake, kwa maneno mengine, anatawala katika miaka ya Vita Baridi.

Kwa msomaji wa Afrika napendekeza safu ya tatu: nani mweusi, na amepewa nini cha kufanya. Katika Cabiria, Maciste ni mtumwa Mwafrika mwenye nguvu za ajabu, lakini anayemwigiza ni Bartolomeo Pagano, mchukuzi wa bandari ya Genoa, aliyepakwa rangi; alipopendwa na watu wakamtengenezea filamu zake mwenyewe, na humo akawa mweupe. Mwaka 1956, katika The Ten Commandments, mwigizaji mweusi Woody Strode ni mfalme wa Ethiopia anayeletwa na Musa mbele ya Farao, akapita. Mwaka 1960, katika Spartacus, Strode huyo huyo ni Draba, mpiganaji anayemkataza Spartacus kumuuliza jina kwa kuwa huenda siku moja wakalazimishwa kuuana. Siku hiyo inafika. Draba anashinda, mkuki wake wa meno matatu uko kooni mwa Spartacus, Warumi wanamwashiria aue. Anageuka, anaurusha kwao, na anauawa akipanda ukuta kuwafuata. Tuliolelewa na imani kwamba steringi hafi, hapo tunagundua kuwa kwa dakika tano steringi alikuwa mwingine. Linganisha na Juba katika Gladiator, aliyeigizwa na Djimon Hounsou, mzaliwa wa Benin: yeye anabaki hai, na neno la mwisho la filamu ni lake.

Juma la sita liwe la Misri. Shadi Abdel Salam, msanifu wa mandhari kutoka Aleksandria, alifanya kazi katika Cleopatra na baadaye katika Faraon, filamu ya Poland ya 1966 iliyopigwa kwa sehemu katika jangwa la Uzbekistan, ambayo kwangu ndiyo filamu bora kuhusu Misri ya kale iliyofanywa na wageni. Mwaka 1969 akatengeneza yake, Al-Mummia, inayosimulia jamii moja ya karibu na Luxor mwaka 1881 iliyokuwa ikiuza kwa siri hazina za makaburi ya mafarao. Hakuna jeshi wala umati, bali watu wachache waliovaa nguo nyeusi wakitembea kati ya nguzo za mababu zao. Ilisafishwa upya mwaka 2009 na nakala nzuri zinapatikana. Baada ya hapo alichora kwa miaka mingi mavazi na mandhari ya filamu juu ya Farao Akhenaten, na akafariki mwaka 1986 kabla ya kuipiga. Iandike nayo: katika safu ya kwanza, karne ya 14 KK, ya pili iache wazi.