Somo: Jinsi ya kuzuia mafuriko chini ya ngome katika Dwarf Fortress

Ndugu zangu, katika mchezo huu wa kompyuta wa kuongoza vibete wanaochimba na kujenga ngome, nimepoteza ngome niliyoilea wiki tatu kwa sababu ya kisima kimoja. Mto ulikuwa juu, tangi la kisima ghorofa sita chini yake. Maji yakajaa tangi, yakapanda kupitia tundu la kisima, yakamwagika kwenye ukumbi wa chakula vibete wakiwa mezani. Somo hili ni la yeyote anayetaka kuvuta maji ya mto, awe na toleo la Desemba 2022 la Steam, duka la michezo mtandaoni, au lile la bure la Bay 12 Games, waundaji wa mchezo.

Elewa kwanza adui wako. Kila mraba wa ramani hubeba maji ya kina cha 1 hadi 7. Hadi 3 kibete anapita, kuanzia 4 lazima aogelee, na wengi hawajui. Lakini kinachoua ngome ni presha. Maji hufuata mkondo, ndivyo tusemavyo, ila humu maji ya mto yaliyoshuka hupanda tena hadi karibu na kimo cha mto wenyewe. Kwa hiyo usiulize mto una maji kiasi gani, maana hayaishi. Uliza uko juu yako kwa ghorofa ngapi.

Hatua ya 1. Chimba mfereji, lakini acha mraba mmoja kabla ya mto. Jenga lango la maji ndani ya mfereji. Likishajengwa huwa limefungwa.

Hatua ya 2. Unganisha lango na wenzo. Unahitaji mitambo midogo mitatu: mmoja wa kujengea wenzo, miwili ya kuunganishia. Weka wenzo ghorofa ya juu, karibu na wanapopumzikia vibete. Usiuweke karibu na tangi, kwa sababu siku ya hatari hakuna atakayeufikia. Uvute mara mbili mfereji ukiwa mkavu, ulione lango likifunguka na kufunga. Haliitiki papo hapo, huchelewa kidogo.

Hatua ya 3, na hii ndiyo roho ya somo: vunja presha kwa mshazari. Mahali fulani mfereji upite kwenye miraba miwili inayogusana kwa pembe tu, na ile miwili ya kando yake ibaki ukuta. Maji yatapita, presha haitapita. Wengi wanafanya hivi halafu wanazama vilevile, kwa kuwa wameweka mshazari juu, karibu na mto, kisha maji yanashuka ghorofa tano na kupata presha upya. Uweke kwenye ghorofa ileile ya tangi. Maji hayatapanda juu ya hapo.

Hatua ya 4. Mraba wa mwisho uchimbwe kutoka juu. Kibete asimame juu ya ardhi, ukingoni, atoboe sakafu ya mraba ulio kando yake. Akiwa ndani ya mfereji, mto unamchukua.

Maji yakishaingia, sitisha mchezo kwanza, upange bila haraka. Usipeleke wajenzi penye maji. Rudi nyuma hadi korido nyembamba iliyo kavu, jenga ukuta hapo. Kama kuna mlango, ufunge kwa amri, unazuia maji mara moja, ila hakikisha hakuna kitu kilichoangukia kizingitini. Ngazi nazo zifunikwe kwa vifuniko vya sakafu.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, nilishafunga lango lakini ghorofa mbili bado zimejaa. Nayatoaje?
Jibu: Chimba mfereji hadi ukingo wa ramani. Mraba wa mwisho kabisa hauchimbiki, lakini ukuta wake unaweza kulainishwa, kisha ukachongwa matundu ya kurushia mishale. Maji yatatokea hapo na kupotea. Yaliyobaki kina cha 1 hukauka yenyewe. Tope usilisikitikie, sakafu ya mwamba yenye tope inalimika.

Swali: Kaka, mimi sina mto karibu, lakini wachimbaji wanaacha kazi kila mara wakidai jiwe lina unyevu.
Jibu: Onyo hilo huja mchimbaji akikaribia maji. Kama juu yake hakuna mto wala bwawa, basi umefika kwenye mwamba wenye maji ndani yake. Aina nyepesi huvuja polepole: chimba mraba mmoja, jenga ukuta, songa. Aina nzito hujaza shimo haraka kuliko mikono ya wajenzi. Kama bado hujazoea pampu, anza ngome nyingine mahali pasipo na mwamba huo.

Swali: Ngome yangu iko kwenye baridi, mto umeganda. Naweza kuutoboa sasa hivi bila lango?
Jibu: Hapana, dada. Barafu itayeyuka, na mto wote utakuta njia iko wazi. Tumia majira hayo ya baridi kujenga lango na kuunganisha wenzo.